Njaa Katika Nchi ya Neema

Neno njaa likitamkwa, aghalabu fikira za msikilizaji hukimbilia kwenye mashamba yaliyokauka, ghala tupu na mifugo iliyokonda. Kwa wananchi wa Afrika Mashariki jambo hilo si la ajabu. Miaka ya ukame kama vile 1974 na 1984 haijasahauliwa, na wengi walioiona wanayakumbuka mahindi ya njano yaliyoshushwa bandarini, mengine yakiwa yametoka Marekani. Nchi iliyoweza kulisha watu wake na kubakiwa na ziada ya kuvusha bahari ilidhaniwa, na bado hudhaniwa na wengi, kuwa haijui njaa ni kitu gani.

Takwimu za nchi hiyo yenyewe zasema vingine. Katika mwaka 2023 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikadiria kwamba kaya milioni 18.0, yaani asilimia 13.5 ya kaya zote, zilipitia wakati fulani ndani ya mwaka ambapo hazikuwa na uhakika wa kupata chakula cha kutosha. Ndani ya kaya hizo waliishi watu milioni 47.4. Hesabu hiyo yakaribia kulingana na ya watu wote waliohesabiwa nchini Kenya katika sensa ya 2019.

Mwaka huo hapakuwa na ukame ulioangamiza mavuno ya taifa zima, wala vita ndani ya mipaka, wala nzige. Mahindi yalivunwa kwa wingi, na kama ilivyo desturi ya miaka hii, zaidi ya theluthi moja yake ilikwenda kutengenezwa alkoholi ya kuendeshea magari. Basi njaa hiyo yatoka wapi, na wataalamu waliwezaje kuihesabu hali haionekani kwa macho?

CHAKULA KUWAPO NA CHAKULA KUPATIKANA

Mwaka 1981 mtaalamu wa uchumi Amartya Sen, mzaliwa wa Bengali, alichapisha uchunguzi wake kuhusu umaskini na njaa. Aliichunguza, pamoja na nyingine, njaa kuu ya Bengali ya mwaka 1943, akaonyesha kwamba upungufu wa chakula nchini hautoshi kueleza vifo vilivyotokea. Waliokufa ni wale ambao ujira wao haukuweza tena kununua mchele uliokuwapo sokoni. Kwa maneno mengine, kuwapo kwa chakula ni jambo moja, na mtu kuwa na njia halali ya kukipata ni jambo jingine. Njia hizo ni chache: kulima, kununua, kubadilishana, kupewa.

Mkulima mdogo wa Singida au Machakos, hata akiwa maskini wa fedha, anaweza kuwa na muhogo shambani na kuku uani. Mkazi wa mji wa Marekani hana akiba ya namna hiyo. Karibu kila tonge lake hupitia kwenye fedha, na fedha hiyo hiyo hudaiwa na mwenye nyumba, kampuni ya umeme, hospitali na gari la kumfikisha kazini. Kodi ya nyumba ina tarehe yake, na asiyelipa hufukuzwa. Chakula hakina mdai. Ndiyo sababu mfuko unapopungua, chakula ndicho hupunguzwa kwanza.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana wazi katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2003 juu ya familia maskini za Marekani wakati wa baridi kali. Ilionekana kwamba katika miezi ya baridi isiyo ya kawaida, gharama za kupasha nyumba joto zilipopanda, matumizi ya familia hizo kwa chakula yalishuka kwa kiasi kinachokaribia kulingana na nyongeza hiyo. Familia zenye uwezo ziliongeza matumizi ya kuni na gesi bila kugusa chakula. Kwa familia maskini joto la nyumba lililipwa kwa chakula cha mezani.

Kwa jumla Mmarekani wa wastani hutumia kiasi cha asilimia 11 tu ya kipato chake kilichobaki baada ya kodi ya serikali kwa ajili ya chakula. Wastani huo huficha mengi. Moja ya tano ya kaya zenye kipato cha chini kabisa hutumia karibu theluthi moja.

MADAKTARI KATIKA BONDE LA MISSISSIPPI

Hadi katikati ya miaka ya 1960 viongozi wengi wa Marekani waliamini kwamba njaa ilikwisha nchini mwao pamoja na dhiki ya miaka ya 1930. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1967. Mwezi wa Aprili Maseneta Robert Kennedy na Joseph Clark walizuru vijumba vya wafanyakazi wa mashamba ya pamba katika eneo liitwalo Delta, jimboni Mississippi, wakaona watoto wenye matumbo yaliyovimba na vidonda visivyopona. Mwezi uliofuata kundi la madaktari waliotumwa na mfuko wa hisani uitwao Field Foundation, miongoni mwao Robert Coles na Raymond Wheeler, liliwapima watoto wa eneo hilo. Walikuta upungufu wa damu, upungufu wa vitamini, na magonjwa ambayo daktari wa mjini alizoea kuyasoma vitabuni tu.

Sababu zake zilikuwa za kiuchumi, na zafaa zielezwe kwa kirefu kidogo. Mashine za kuchuma pamba na dawa za kuua magugu zilikuwa zimeondoa haja ya vibarua, ambao wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi. Wakati huo huo wilaya kadhaa zilikuwa zikiacha utaratibu wa kugawa bure vyakula vya ziada vya serikali na kuingia katika utaratibu mpya wa stempu za chakula. Stempu hizo zilikuwa na thamani kubwa kuliko bei yake, lakini ilimpasa mtu anunue kwanza. Kwa yule aliyekwisha kupoteza kazi na hana hata senti, msaada huo ulikuwa mlango uliofungwa kwa ufunguo wa fedha. Ndivyo ilivyotokea kwamba mpango uliokusudiwa kupunguza njaa, mahali pengine uliizidisha.

Asili ya stempu zenyewe ni ya zamani zaidi. Zilianza mjini Rochester, New York, mwezi Mei 1939, zikiwa za rangi mbili. Aliyenunua stempu za rangi ya machungwa za dola moja, alipewa bure za buluu za nusu dola, na hizo za buluu zilinunua tu vyakula ambavyo wizara ilitangaza kuwa vimezidi sokoni. Shabaha ilikuwa mbili kwa pamoja: kumwokoa mkulima aliyekosa wanunuzi na kumlisha asiye na kazi. Mpango huo ulisimama mwaka 1943, wakati vita vilipokula ziada yote. Ulifufuliwa kwa majaribio mwaka 1961 chini ya Rais John Kennedy, ukawa sheria mwaka 1964, na sheria ya mwaka 1977 ndiyo iliyoondoa sharti la kununua stempu. Mwaka 2008 jina lilibadilishwa kuwa Mpango wa Msaada wa Nyongeza ya Lishe, na kwa wakati huo stempu za karatasi zilikwisha kuachwa na mahali pake pamechukuliwa na kadi ya plastiki inayotiwa fedha kila mwezi. Katika mwaka 2023 kadi hizo ziliwahudumia watu zaidi ya milioni 40.

Madaktari wa Field Foundation walirudi mwaka 1977, miaka kumi baada ya safari ya kwanza. Umaskini waliukuta pale pale, nyumba ni zile zile. Lakini watoto wenye dalili za utapiamlo mkali walikuwa wamepungua sana. Kilichobadilika kati ya safari hizo mbili ni kuenea kwa stempu za chakula, chakula cha shuleni, na mpango wa lishe ya wajawazito na watoto wachanga ulioanza mwaka 1974.

NJAA INAVYOHESABIWA

Utapiamlo mkali hupimwa kwa mizani, kwa utepe wa kuzungushia mkono, na kwa tone la damu. Vipimo hivyo hufaa pale ambapo mwili umekwisha kuathirika. Katika nchi ambayo watu wachache hufikia hali hiyo, havioni kitu: mama aliyekosa chakula cha jioni mara saba katika mwezi ana uzito ule ule wa jirani yake aliyeshiba. Katika miaka ya 1980 Wamarekani walibishana sana juu ya idadi ya wenye njaa, na kila upande ulikuja na hesabu yake, kwa kuwa hapakuwa na kipimo ambacho wote walikikubali.

Njia ilifunguliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, akiwemo Kathy Radimer, ambao walifanya jambo ambalo mtu angedhani lilifanywa zamani: waliwauliza wanawake waliopata kuona njaa waieleze. Maelezo yao yalifuata mpangilio mmoja. Kwanza huja wasiwasi, hali ya kuhesabu siku zilizobaki na fedha iliyobaki. Kisha ubora wa chakula hushuka. Mboga, matunda na nyama huondoka, wanga wa bei nafuu hubaki. Halafu watu wazima hupunguza vipimo vyao, hatimaye huruka mlo mzima ili watoto wale. Mwishoni kabisa, wakati hakuna tena cha kupunguza, ndipo watoto nao hulala bila kula.

Kutokana na elimu hiyo ilitungwa hojaji ambayo tangu mwaka 1995 iliulizwa na Ofisi ya Sensa, na ambayo katika miaka ya karibuni ilifikia kaya zipatazo 30,000 kila Desemba. Maswali yake ni 10 kwa kaya zisizo na watoto, na huongezwa 8 kwa zenye watoto, yakipanda ngazi kutoka hali nyepesi kwenda nzito. La mwanzo huuliza kama kaya ilipata kuwa na hofu kwamba chakula kingekwisha kabla ya fedha nyingine kupatikana. Ya mbele zaidi huuliza kama mtu mzima alishinda siku nzima bila kula, na kama mtoto alishinda hivyo. Kila swali hutaja kwamba sababu ni ukosefu wa fedha, kwa hiyo aliyefunga kwa ajili ya dini au anayepunguza mwili hahesabiwi.

Kaya inayojibu ndiyo kwa maswali matatu au zaidi huhesabiwa kuwa haina uhakika wa chakula. Ikifikia sita, au nane kwa kaya yenye watoto, huwekwa katika daraja la chini kabisa. Katika mwaka 2023 waliokuwa katika daraja hilo ni asilimia 5.1, yaani kaya milioni 6.8. Tangu mwaka 2006 daraja hilo haliitwi tena njaa katika taarifa za serikali. Kamati ya wanasayansi ilishauri kwamba njaa ni hali inayohisiwa na mwili wa mtu mmoja mmoja, hali hojaji inapima mambo ya kaya. Kisayansi hoja hiyo ina msingi. Hata hivyo wapo waliouliza, na si bila sababu, kama neno lililoondolewa katika taarifa halikuondoa pia uzito wake masikioni mwa watunga sheria.

Hesabu za mwaka 2023 zathibitisha ule mpangilio ulioelezwa na akina mama. Kati ya kaya zenye watoto, asilimia 17.9 hazikuwa na uhakika wa chakula, lakini kaya ambazo watoto wenyewe waliguswa na upungufu huo zilikuwa asilimia 8.9. Tofauti iliyopo kati ya tarakimu hizo mbili ni sahani za wazazi.

Mzigo huo haukugawanyika sawa. Kaya zinazoongozwa na mama asiye na mwenzi na zenye watoto zilifikia asilimia 34.7. Kaya za Wamarekani Weusi zilikuwa asilimia 23.3, na za Wazungu asilimia 9.9. Kwa wastani wa miaka 2021 hadi 2023, jimbo la Arkansas lilikuwa na asilimia 18.9, ambapo New Hampshire ilikuwa na 7.4.

SUKARI YA DAMU NA TAREHE ZA MWEZI

Athari za njaa ya namna hii mwilini hazifanani na zile za njaa kuu. Mfano mmoja wastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa waonyesha jinsi kalenda inavyoweza kuingia katika damu ya mtu.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge fulani hupangiwa kipimo cha dawa kwa kutegemea kwamba atakula. Dawa huisukuma sukari itoke katika damu iingie katika chembe za mwili. Chakula huijaza tena. Kwa mtu mzima mwenye afya, mlo ukikosekana, ini hutoa sukari iliyowekwa akiba na insulini hupungua yenyewe. Kwa mgonjwa aliyekwisha kutumia dawa, kizuizi hicho hakifanyi kazi ipasavyo. Sukari huendelea kushuka. Mkono hutetemeka, jasho humtoka, maneno huvurugika, na akikosa kusaidiwa huzimia na aweza kufa.

Mwaka 2014 Hilary Seligman na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali za California. Waliwalinganisha watu waliolazwa kwa upungufu wa sukari katika damu, wiki ya kwanza ya mwezi na wiki ya mwisho. Kwa watu wa kipato cha chini, kulazwa kwa sababu hiyo kulizidi kwa asilimia 27 katika wiki ya mwisho. Kwa watu wa kipato cha juu hapakuwa na tofauti. Mishahara mingi na misaada huja mwanzoni mwa mwezi, na kadi ya chakula hutiwa fedha mara moja tu kwa mwezi. Ifikapo wiki ya nne, dawa ingalipo kabatini lakini chakula kimekwisha. Gharama ya kumlaza mgonjwa mmoja wa namna hiyo hospitalini Marekani ingeweza kumlisha kwa miezi mingi.

Jambo la pili linalowatatiza wageni ni unene. Yawezekanaje mtu akawa mnene na huku ana upungufu wa chakula? Jibu moja limo katika bei. Adam Drewnowski wa Chuo Kikuu cha Washington alionyesha kwamba kalori zitokanazo na unga uliokobolewa, sukari na mafuta ni rahisi sana kuliko kalori zitokanazo na mboga, matunda na samaki. Mwenye dola chache anayetaka watoto wake walale wameshiba hununua kalori nyingi kwa fedha ndogo, na hesabu yake hapo si ya ujinga. Jibu la pili limo katika ule mzunguko wa mwezi wenyewe: wiki za kula kwa wingi zikifuatwa na wiki za kujinyima. Mwili uliozoea upungufu hujiwekea akiba.

Wengine walidhani kwamba kisa ni umbali wa maduka, kwa vile mitaa mingi maskini haina maduka makubwa yenye mboga mbichi. Maelezo hayo yalipendwa sana, labda kwa kuwa dawa yake ni rahisi kuitaja: jenga duka. Lakini uchunguzi mpana uliochapishwa mwaka 2019 na Hunt Allcott na wenzake ulionyesha kwamba duka jipya likifunguliwa mtaani, ununuzi wa wakazi hubadilika kidogo sana. Tofauti ya upatikanaji wa vyakula ilieleza kiasi cha sehemu moja tu ya kumi ya tofauti ya lishe kati ya matajiri na maskini.

MAJARIBIO AMBAYO HAYAKUPANGWA

Mwanasayansi hawezi kuwanyima watu chakula kwa makusudi ili aone matokeo. Hata hivyo historia mara nyingine humfanyia jaribio. Stempu za chakula zilienea wilaya baada ya wilaya kati ya 1961 na 1975, kwa hiyo watoto wa umaskini ule ule walizipata katika umri tofauti kwa bahati ya mahali walipozaliwa. Hilary Hoynes, Diane Schanzenbach na Douglas Almond waliwafuatilia katika utu uzima wao. Waligundua kwamba waliopata msaada huo utotoni walikuwa na upungufu wa maradhi yanayoambatana, yaani unene, shinikizo la damu na kisukari. Mlo wa mtoto wa miaka mitatu ulionekana katika mwili wa mtu wa makamo.

Jaribio jingine lilikuja pamoja na ugonjwa wa korona. Mwaka 2020 mamilioni ya Wamarekani walipoteza kazi, na foleni za magari mbele ya ghala za chakula za hisani zilionyeshwa dunia nzima. Ghala hizo, zinazoitwa benki za chakula, zilianza Phoenix, Arizona, mwaka 1967 kwa juhudi ya John van Hengel, aliyekusanya vyakula ambavyo maduka yalikuwa yakivitupa. Leo ziko zipatazo 200 katika mtandao mmoja wa taifa. Pamoja na msiba huo, asilimia ya kaya zisizo na uhakika wa chakula mwaka 2020 ilibaki 10.5, sawasawa na mwaka uliotangulia, na mwaka 2021 ilishuka hata 10.2. Serikali ilikuwa imeongeza thamani ya kadi za chakula, na kati ya Julai na Desemba 2021 ilizipelekea familia nyingi zenye watoto fedha taslimu kila mwezi. Fedha hizo zilikoma mwisho wa mwaka huo. Katika mwaka 2022 kaya zenye watoto ambazo hazikuwa na uhakika wa chakula zilipanda kutoka asilimia 12.5 hadi 17.3. Bei za vyakula nazo zilipanda sana mwaka huo, kwa hiyo haiwezekani kutupa sababu yote upande mmoja.

Mwaka 2025 ulileta mabadiliko mengine. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 4 ilipanua masharti ya kufanya kazi kwa wapokeao kadi za chakula, yakawafikia hata wenye umri wa miaka 64. Mwezi Novemba, wakati ofisi nyingi za serikali kuu zilipofungwa kwa mabishano ya bajeti, kadi za watu wengi hazikutiwa fedha kwa wakati wake. Na mwezi Septemba wa mwaka huo huo Wizara ya Kilimo ilikwisha kutangaza kwamba itausitisha ule uchunguzi wa kila mwaka ulioanza 1995.

Maswali yenyewe hayakukoma. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikwisha kuyachukua, likayafupisha kuwa manane, na tangu mwaka 2014 yameulizwa kwa lugha nyingi katika nchi zaidi ya 140, zikiwemo Kenya na Tanzania. La kwanza ni lile lile walilolieleza akina mama: kama katika miezi kumi na miwili iliyopita mtu alipata kuwa na wasiwasi kwamba hatakuwa na chakula cha kutosha.